Siku Wenyewe Wakikubali: Historia Fupi ya Linux na Wenye Programu za Kuuza

Najua nimepotea. Wiki kadhaa sijaandika kitu, hadi kuna waliotuma ujumbe kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo. Nilikuwa TP, na tangu nirudi chuo kuna jambo moja limenikaa kichwani, leo nalitua hapa. Ni refu kidogo, kwa hiyo tafuta kimbweta chenye kivuli.

Kisa chenyewe ni hiki. Shule niliyopangiwa ina chumba cha kompyuta chenye mashine 12, zote za msaada na zote za zamani. Saba zilikuwa zimelala. Zilikuwa zimeelemewa na virusi tu, maana zinatumia Windows ya zamani isiyopokea tena marekebisho ya usalama, na kila flashi ya mwanafunzi ikichomekwa inaacha zawadi. Mimi ni mwalimu wa Historia na Jiografia, lakini mnanijua kwa kiherehere cha kompyuta. Nikaomba ruhusa, nikatumia Jumamosi mbili, nikaweka Linux kwenye zile saba. Sita zikaamka. Wanafunzi wakashangilia, na mimi kichwa kikavimba.

Basi nikaenda kwa mkuu wa shule kuomba nibadilishe na zile nyingine, pamoja na ile ya ofisi ya taaluma. Mama yule alinisikiliza kwa utulivu, halafu akauliza swali moja tu: "Mwalimu, na programu ya matokeo itafanya kazi humo?"

Nikawa bubu. Programu ya matokeo shule imeinunua kwa pesa yake. Inapanga madaraja, inatoa ripoti za wazazi, na imetengenezwa kwa ajili ya Windows peke yake. Nilijaribu kuiendesha kwa Wine, ile programu inayoifanya Linux ielewe programu za Windows. Ikafunguka, ikapokea alama vizuri, ila ukiiambia ichapishe ripoti inajifunga. Nikarudi kumweleza mkuu. Akasema, "Basi siku wenyewe wakikubali, na mimi nitakubali."

Siku wenyewe wakikubali! Kwenye basi la kurudi Dar nilikuwa nalitafuna neno hilo. Kumbe ni swali ambalo Linux imeulizwa kwa zaidi ya miaka 30. Na sisi wa historia tumefundishwa kwamba ukikwama unarudi nyuma: nani aliombwa, nani alikubali, nani alikataa, na kwa nini. Nimefanya hivyo. Twende pamoja.

TUANZE NA MWANAFUNZI MWENZETU

Mwaka 1991 Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, umri wake miaka 21. Tarehe 25 Agosti aliwatangazia watu kwamba anatengeneza mfumo wa kuendesha kompyuta, tena kama burudani tu, hautakuwa kitu kikubwa. Kabla yake, kule Marekani, Richard Stallman alikuwa ameshaanza mradi wa GNU mwaka 1983, akitaka mfumo mzima ambao kila mtu ana haki ya kuutumia, kuufungua, kuurekebisha na kuugawa. Mwaka 1992 Linus akaiweka kazi yake chini ya leseni ya GNU. Ndoa hiyo ndiyo ikazaa hiki tunachokiita Linux.

Tatizo likaja haraka. Mfumo wa kuendesha kompyuta bila programu ni kama shule yenye madarasa mazuri isiyo na walimu. Mtu hanunui kompyuta ili autazame mfumo, anataka kuandika barua, kupiga hesabu, kucheza gemu. Wenye programu wakasema: hatuwezi kuwatengenezea, ninyi ni wachache. Watu wakasema: hatuwezi kuhamia huko, programu hakuna. Kuku na yai.

Mtu wa kwanza kulikabili hili kwa pesa nyingi alikuwa Ray Noorda, aliyewahi kuongoza kampuni ya Novell. Mwaka 1994 pesa zake zilisaidia kuanzisha kampuni ya Caldera, ambayo moja ya kazi zake ilikuwa kuzileta programu za biashara kwenye Linux. Ikafanikisha kuleta WordPerfect, programu ya kuandikia iliyokuwa na jina kubwa enzi hizo. Lakini angalieni dunia ilivyo: baadaye kampuni hiyohiyo ilibadilisha jina ikawa SCO Group, na Machi 2003 ikaishtaki IBM kwa madai kwamba imeingiza mali yake ndani ya Linux. Aliyekuja kama mshenga akaishia kuwa mlalamikaji mahakamani.

MWAKA WA MAJIBU: 1998

Kama mtihani ungeuliza ni mwaka gani wenye programu walianza kukubali, jibu ni 1998. Januari mwaka huo kampuni ya Netscape ilitangaza kwamba itaachia hadharani msimbo wa programu yake ya kuvinjari intaneti. Julai, Oracle na Informix, kampuni kubwa za programu za hifadhidata, zikatangaza kwamba zitatoa matoleo ya Linux. Kabla mwaka haujaisha IBM nayo ikatoa toleo la majaribio la DB2.

Nini kilitokea? Wengi wanadhani makampuni yaliona huruma. Hapana. Netscape ilikuwa inachapwa na Microsoft, iliyokuwa ikigawa kivinjari chake bure ndani ya Windows. Oracle nayo ilikuwa ikishindana na Microsoft kwenye hifadhidata, na kwa kuuza programu inayokaa juu ya Windows ilikuwa inakodi chumba kwenye nyumba ya mpinzani wake. Linux ikawapa kiwanja kingine.

Na kulikuwa na kizuizi kimoja kilichokuwa kikitajwa kila mara: Linux ikiharibika nampigia simu nani? Jarida la InfoWorld lilipotoa tuzo zake za mwaka 1997, tuzo ya huduma bora ya msaada kwa wateja ililikabidhi kwa jumuiya ya watumiaji wa Linux. Watu wasiolipwa, wanaojibu maswali ya wenzao usiku, wakayashinda makampuni yenye ofisi na simu za mapokezi. Mimi naona tuzo ile ilisema kitu ambacho barua elfu za kuomba zisingeweza kusema.

WALIOKUJA WAKAONDOKA

Sasa tusijidanganye, wapo waliokubali halafu wakageuka. Corel ya Kanada, iliyokuwa imeinunua WordPerfect, ilitoa toleo la 8 kwa Linux mwishoni mwa 1998, bure kwa matumizi binafsi. Mwaka 1999 ikatoa hadi Linux yake yenyewe. Mwaka 2000 ikahamisha kifurushi kizima cha ofisi, ila kwa njia ya mkato, kwa kutegemea Wine, na watu wakalalamika kwamba ni kizito. Pesa zikaanza kukauka. Oktoba 2000 Microsoft ikawekeza dola milioni 135 ndani ya Corel. Mwaka uliofuata Corel iliuza Linux yake kwa kampuni ya Xandros, na harusi ikaishia hapo.

Cha pili kinaniuma zaidi, nacho ni Loki Software. Scott Draeker aliianzisha mwaka 1998 kwa wazo rahisi: wenye magemu hawataki kusumbuka na Linux, basi sisi tutawafanyia kazi hiyo, tuuze, tuwagawie chao. Mwaka 1999 wakatoa Civilization: Call to Power, kisha Quake III Arena, SimCity 3000 na mengine. Kazi yao ilikuwa safi. Lakini gemu la Linux lilitoka miezi kadhaa baada ya la Windows, na mtumiaji wa Linux aliyekuwa na Windows upande wa pili wa mashine yake hakuvumilia, alishanunua lile la kwanza. Januari 2002 Loki ilifunga milango.

Hapa ndipo nilipojiona mwenyewe. Tulio wengi tunapiga kelele kwamba tunataka kitu kije, kikija hatukinunui. Ni kama wale wanaolalamika hakuna chai ya usiku kantini, mama akianza kuiuza, siku ya kwanza wanakuja wawili.

Lakini Loki iliacha mbegu. Kijana wao Sam Lantinga alikuwa ametengeneza mkusanyiko wa vifaa uitwao SDL, unaorahisisha gemu moja kufanya kazi kwenye mifumo tofauti. Kampuni ikafa, SDL ikabaki, kwa sababu ilikuwa huria. Likumbukeni jina hilo, tutakutana nalo mbele.

KWA NINI MAYA NDIYO, PHOTOSHOP HAPANA?

Mwaka 2006 Novell iliwauliza watu ni programu gani wanataka zije kwenye Linux. Iliyoongoza ni Photoshop ya Adobe. Hadi leo Photoshop ya Linux haijatoka. Sasa linganisha na Maya, programu ya kutengenezea katuni na picha za sinema, ambayo ilipata toleo la Linux mwaka 2001, na wakati huo Maya ilikuwa ghali kupita kiasi.

Siri ni mteja. Ile filamu ya Titanic ya 1997 ambayo wote tumeiona, kampuni ya Digital Domain ilipotengeneza picha zake za kompyuta ilitumia mashine zaidi ya 100 zenye Linux. Studio nyingine za Hollywood zikafuata njia hiyo, kwa sababu zilichoka kununua mashine za bei mbaya. Studio hizo ni chache, zinahesabika kwa vidole, lakini kila moja inanunua leseni nyingi na inajua kusema kwa sauti moja: tunahamia Linux, mtakuja au tutafute wengine? Waliokuwa wanaitaka Photoshop walikuwa wengi zaidi, ila wametawanyika, kila mmoja na mashine yake, na hakuna aliyeweza kusema kwa niaba ya wengine.

Kuna waliochoka kusubiri wakafanya wenyewe. Spencer Kimball na Peter Mattis, wanafunzi wa Berkeley, walianza GIMP mwaka 1995. Na kuna kisa cha Blender ambacho kila mwanachuo angepaswa kukijua. Blender ilikuwa programu ya kampuni, na kampuni ile ikaanguka mwaka 2002. Mwanzilishi wake, Ton Roosendaal wa Uholanzi, akawauliza wawekezaji: mnataka shilingi ngapi muiachie iwe huria? Wakasema euro 100,000. Akawageukia watumiaji. Kwa wiki saba tu mchango ukatimia, na Oktoba 2002 Blender ikawa mali ya wote. Yaani hawakumbembeleza mwenye programu, walimnunua.

DRAIVA NA KIDOLE

Tatizo jingine lilikuwa draiva, zile programu ndogo zinazoifanya printa au kadi ya picha ielewane na mfumo. Wenye vifaa walisema kuandika draiva za Linux ni gharama. Januari 2007 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wa kiini cha Linux, akatoa ofa: tupeni maelezo ya kifaa chenu na mtu wa kujibu maswali, sisi tutaandika draiva bure na kuitunza. Mamia ya watengenezaji programu wakajitolea. Kisingizio cha gharama kikafa siku hiyo.

Kwa wengine ustaarabu haukutosha. Juni 2012, akiwa Chuo Kikuu cha Aalto kule Ufini, Linus alipoulizwa kuhusu kampuni ya Nvidia aliitukana mbele ya kamera na kuinyooshea kidole cha kati. Video ikazunguka dunia nzima. Nvidia ilibadilika? Mei 2022 iliachia sehemu ya draiva zake zinazoingia kwenye kiini ziwe huria. Hiyo ni miaka kumi baada ya tusi. Mimi siamini kwamba ni kidole. Naona ni kwa sababu wateja wake wakubwa, wenye vituo vya seva na mashine za akili mnemba, wanatumia Linux.

WAPINZANI WANAPOGEUKA

Juni 2001 Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft, aliifananisha Linux na saratani. Oktoba 2014 mrithi wake, Satya Nadella, akasimama na kusema Microsoft inaipenda Linux. Mwaka 2017 ikatoa hata hifadhidata yake ya SQL Server kwa ajili ya Linux. Mapenzi hayo yalitoka wapi? Wateja waliokuwa wanakodi kompyuta za Microsoft kwenye intaneti walitaka Linux humo ndani. Ukimnyima mteja anaenda duka la jirani.

Na kwenye magemu je? Mwaka 2012 Gabe Newell wa kampuni ya Valve, wenye duka la Steam, aliilaani Windows 8 hadharani. Windows hiyo ilikuwa inakuja na duka lake ndani, na mwenye duka hapendi mwenye nyumba afungue duka mlangoni kwake. Tarehe 14 Februari 2013 Steam ikatoka rasmi kwa Linux. Na aliyekuwa akifanya kazi Valve ni nani? Sam Lantinga wa SDL, yule kijana wa Loki. Lakini hata Valve ilijifunza kwamba kumwomba kila mwenye gemu ni kazi isiyoisha. Agosti 2018 ikaleta Proton, iliyojengwa juu ya Wine, gemu la Windows likawa linachezeka kwenye Linux bila mwenyewe kugusa kitu. Februari 2022 ikauza mashine yake ya mkononi, Steam Deck, ambayo ndani yake ni Linux. Kilichomshinda Loki kikawezekana miaka 20 baadaye.

NA SISI HUKU

Msidhani ni habari za wazungu tu. Mwaka 2004, palepale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hawakumwomba mtu ruhusa. OpenOffice yenyewe ilitokana na StarOffice, programu ya biashara ya Wajerumani iliyonunuliwa na Sun mwaka 1999 na msimbo wake kuachiwa mwaka 2000. Msimbo ukiwa wazi, kazi iliyobaki ni maneno, na maneno tunayo. Miaka hiyohiyo Microsoft nayo ilikuwa ikiandaa Kiswahili kwa ajili ya programu zake. Sitaki kusema moja lilimsukuma mwenzake, ila naona lugha ilipata heshima pande zote mbili.

NIMEJIFUNZA NINI

Kabla ya kusoma yote haya nilikuwa nimeandika barua kwa hiyo kampuni ya programu ya matokeo. Barua ya hasira. Nimewaambia habari za uhuru, ukoloni mamboleo, haki ya mwanafunzi maskini. Ukurasa mzima na nusu. Namshukuru Mungu bando liliisha kabla sijaituma.

Maana historia inaonyesha hivi. Wenye programu walikubali pale walipoona mojawapo ya mambo matatu: mteja anayehesabika, gharama ikipungua, au njia ya kumkwepa mpinzani. Maombi matupu hayakumgeuza mtu, na matusi nayo hayakufika mbali. Lakini pia bila wale waliojenga na kujibu maswali usiku bila malipo, kusingekuwa na mahali pa kuhamia.

Nikaandika upya, mistari kama 15. Nikaeleza shule ina mashine ngapi. Nikaeleza kwamba programu yao tayari inafanya kazi kwa Wine isipokuwa kuchapisha, nikaambatanisha ujumbe wa kosa unaotokea. Nikasema nipo tayari kuwafanyia majaribio bila malipo kila watakaporekebisha.

Wamejibu! Baada ya siku nne, kijana mmoja mstaarabu ameandika sentensi mbili. Kwamba kosa hilo analielewa na pengine si gumu kulirekebisha. Na kwamba bosi wake anauliza, "Shule zenye shida hii ni ngapi?"

Nimecheka peke yangu bwenini. Swali lilelile lililoiua Loki. Na sina jibu, nina shule moja.

Ndiyo maana nimeandika haya yote, wandugu. Ninyi mlikuwa TP kila kona: Songea, Bukoba, Lindi, Singida, Pemba. Kila mmoja wenu aliingia ofisi ya taaluma na kuona nini kinatumika. Naombeni mnitumie mambo matatu tu: shule ina kompyuta ngapi zinazowaka, zina mfumo gani, na matokeo yanapangwa kwa programu gani. Majina ya walimu msiniandikie, sihitaji. Nitajumlisha mwenyewe na kumtumia yule kijana kabla ya UE kuanza.

Zikifika shule 20 nadhani bosi wake atasoma. Zikifika tatu, basi tutafanya kama wale wa GIMP, tukae wenyewe tuandike ya kwetu, na hapo wale wa Sayansi ya Kompyuta mnaopita hapa kimya kimya nitawataja kwa majina.

Mkuu wa shule nilimpigia jana kumsalimia. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza, "Wamekubali?" Nikamwambia bado, mama, ila wameuliza swali. Akasema hizo mashine sita bado zinawaka, na kuna binti wa Kidato cha Pili ameshajifunza kuandika insha yake humo.

Tukutane kwenye maoni. Nahesabu.